Kuziba madirisha kabla ya dhoruba: plaiwudi, paneli za chuma, kitambaa, shata au kioo cha tabaka?

Kimbunga kikishatangazwa, swali la kwanza midomoni mwa wengi ni plaiwudi ya unene gani inunuliwe. Ni swali la maana, ila yapo mawili yanayostahili kulitangulia: nani ataipandisha hadi dirishani, na kitu gani kitaishikilia ukutani upepo ukianza kuivuta. Kizuizi bora kilichobaki stoo siku ya dhoruba hakijamkinga mtu. Na ubao mnene ulioshikizwa kwa misumari minne ni kitu kingine tu cha kurushwa kwa jirani.

Kwa hiyo njia tano zinazolinganishwa hapa zimepimwa zaidi kwa mikono, muda na ufungaji kuliko kwa unene. Zote tano hufanya kazi zikiwekwa inavyotakiwa. Tofauti iko katika kile ambacho kila moja inakudai: nyingine inadai nguvu zako siku mbili kabla, nyingine inadai fedha miaka kadhaa kabla.

## Dirisha linakingwa dhidi ya nini

Mara nyingi kioo hakivunjwi na upepo mtupu. Kinavunjwa na vitu ambavyo upepo umebeba: tawi, kigae, kiti cha barazani, bati lililong'oka. Kimbunga Idai kilipoupiga mji wa Beira, Msumbiji, Machi 2019, mabati ya mapaa yaliruka mitaani, na bati linaloruka halichagui kati ya mtu na dirisha.

Kioo cha upande unaopigwa na upepo kikishapasuka, hewa huingia ndani kwa kishindo na kukosa pa kutokea. Inalisukuma paa kwenda juu kutoka ndani, huku upepo unaopita juu ya nyumba ukilivuta kutoka nje. Nguvu mbili zinasaidiana kuling'oa. Hivyo dirisha moja lililoachwa wazi linaweza kuigharimu nyumba paa zima, na hapo mvua inamalizia kilichobaki.

Kasi ya upepo nayo inadanganya masikio. Upepo ukiongezeka kasi maradufu, shinikizo lake huwa mara nne. Kwa kilomita 120 kwa saa, ambako ni karibu na mwanzo wa daraja la 1 katika kipimo cha nguvu za vimbunga cha Saffir-Simpson, kila mita ya mraba ya ukuta inasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 70. Kwa kilomita 240 kwa saa ni karibu kilo 280. Tena upepo hausukumi tu: kwenye kuta za pembeni na hasa karibu na kona za nyumba, unanyonya. Kizuizi kinavutwa kutoka ukutani, kinaachiwa, kinavutwa tena, kwa saa kadhaa.

Mambo mawili yaachwe kabla hatujaendelea. Utepe uliobandikwa kwa msalaba juu ya kioo hauongezi nguvu yoyote. Kioo kikivunjika, unachofanya ni kushikanisha vipande viwe vikubwa na vya hatari zaidi. Na kuacha madirisha wazi "ili shinikizo lilingane" ni kuufungulia upepo mlango ambao ungelazimika kuuvunja.

## Vigezo vya kupimia

Nimetumia vigezo vitano kwa kila njia.

Cha kwanza ni kuhimili pigo. Baada ya Kimbunga Andrew kuiharibu kusini mwa Florida mwezi Agosti 1992, kaunti ya Miami-Dade iliweka jaribio ambalo hadi leo ni kipimo kinachoheshimika: kipande cha mbao cha inchi mbili kwa nne chenye uzito wa kilo 4 hivi kinafyatuliwa kikitanguliza ncha, kwa kasi ya takriban kilomita 55 kwa saa, kigonge kizuizi. Kisha kizuizi hicho hicho, na jeraha lake, kinasukumwa na kuvutwa kwa shinikizo mara nyingi mfululizo. Kikitoboka au kikiachia, kimeshindwa. Bidhaa inayouzwa kama kinga ya dhoruba bila cheti cha jaribio la aina hii, iulize maswali.

Cha pili ni ufungaji: kinashika wapi na kwa kitu gani. Cha tatu, muda na mikono siku yenyewe. Cha nne, mwanga na njia ya kutokea, maana nyumba iliyozibwa kila upande ni mtego ikishika moto. Cha tano ni maisha yake baada ya dhoruba: kinahifadhiwa wapi, kinarudi kutumika mara ngapi, gharama yake inaenea miaka mingapi.

## Plaiwudi

Kuhimili pigo. Ushauri unaotolewa mara nyingi nchini Marekani ni unene wa kama milimita 16 (tano ya nane ya inchi). Kanuni za ujenzi za huko huruhusu hata milimita 11 kwa nyumba fupi, mradi upana unaorukwa na ubao usizidi mita 2.4, lakini mimi naichukulia hiyo kuwa kima cha chini cha kisheria na si lengo. Ubao mwembamba unapinda zaidi, na ukipinda vya kutosha utakigusa kioo ambacho ulikuja kukilinda. Dirisha refu kuliko hapo linataka mbao za kuimarisha zikatishwe nyuma ya ubao.

Zipo pia bodi za vipande vya mbao vilivyogandishwa, zijulikanazo kama OSB. Ni za bei nafuu zaidi na zinatumika, ila kwa unene ule ule ni nzito kidogo kuliko plaiwudi na kingo zake huvimba zikinywa maji, jambo linalofupisha maisha yake. Chipubodi, hadibodi na bodi za dari zisihesabiwe kabisa. Zikilowa zinalainika.

Ufungaji. Hapa ndipo plaiwudi nyingi zinapoangukia, na hapa nitakaa kidogo.

Ubao ukatwe uzidi dirisha kwa kama sentimita 10 kila upande ili skrubu ziingie kwenye ukuta wenyewe. Fremu ya dirisha haikujengwa kubeba mzigo huo. Ukiukaza ubao kwenye fremu, umefunga mzigo wa kilo mia kadhaa kwenye kitu kilichoshikiliwa kwa skrubu chache ndogo. Tumia skrubu, si misumari. Msumari hutoka polepole unapotikiswa, na dhoruba ni mtikiso wa usiku kucha.

Kwenye ukuta wa mbao, skrubu iingie angalau sentimita 5 ndani ya nguzo ya ukuta. Ubao unaoruka nafasi isiyozidi mita 1.2 unaweza kufungwa kwa skrubu zilizoachana sentimita 40. Nafasi ikikaribia mita 2.4, zisogezwe hadi sentimita 20. Kwenye tofali au zege, tumia bolti za kutanuka za chuma, na zikae angalau sentimita 6 au 7 kutoka ukingo wa tofali, vinginevyo kona inabanduka na bolti yake. Ukuta wa tofali uliopigwa lipu unadanganya sana: lipu pekee inaweza kuwa sentimita mbili, na bolti inayoishia humo haijashika kitu.

Dirisha likiwa limezama ndani ya ukuta wa tofali, kuna klipu za chuma zinazovishwa ukingoni mwa ubao na kuubana ndani ya nafasi bila kutoboa ukuta. Zinaokoa muda mwingi. Zinadai ubao uliokatwa kwa kipimo kamili, na kina cha kutosha cha kuzamia. Dirisha lililo sawa na uso wa ukuta hazilifai.

Muda na mikono. Ubao mzima wa mita 1.22 kwa 2.44 wenye unene wa milimita 16 una uzito wa kilo 25 hivi. Kuubeba si tabu kwa watu wawili. Tabu ni kuushika juu ya ngazi. Upepo wa kilomita 60 kwa saa, ambao bado si kimbunga, unausukuma ubao huo kwa nguvu inayokaribia kilo 50, na mara nyingi kuzidi. Ndiyo maana plaiwudi ni kazi ya siku tulivu, si kazi ya "tuangalie kwanza itakuwaje".

Kinachobadilisha mambo ni maandalizi. Ukishakata kila ubao, ukatoboa matundu, ukaweka bolti za kudumu ukutani na kuandika kila ubao kwa wino usiofutika ("jikoni, kushoto, JUU"), siku ya dhoruba ni kupandisha na kukaza nati. Usipofanya hivyo, utakuwa unapima madirisha huku unatafuta drili yenye chaji, na foleni ya dukani ina watu wenye mawazo kama yako. Ndiyo, na ile kalamu ya wino ni kifaa cha dhoruba.

Mwanga na kutoka. Giza totoro. Na ubao uliokazwa kwa nje haufunguki kwa ndani. Kila sehemu ya kulala ibaki na njia moja inayofunguka kutoka ndani.

Baada ya dhoruba. Zinahitaji mahali pakavu pa kuzilaza. Zikipakwa rangi kingo zote, zinarudi kazini misimu kadhaa. Zikiachwa zisimame kwenye unyevu, zinapinda na matundu hayalingani tena. Gharama ya mwanzo ni ndogo kuliko njia nyingine zote hapa. Gharama ya jasho ni kubwa kuliko zote.

Inamfaa mwenye nyumba ya ghorofa moja, mwenye msaidizi mwenye nguvu, mwenye pa kuhifadhi, na ambaye dhoruba kali humfikia mara moja moja tu.

## Paneli za chuma au alumini

Hizi ni bati nene zenye mawimbi zilizotengenezwa kwa kazi hii. Bati la paa si mbadala wake: ni jembamba mno, na likiachia kona moja linageuka panga.

Katika kuhimili pigo, paneli zilizopita jaribio zinafanya vizuri kuliko plaiwudi nyingi za nyumbani, kwa sababu unene na umbo lake vinajulikana na havitegemei jicho la aliyekata. Chuma kinabonyea kidogo kuliko alumini, lakini kina uzito zaidi na kinashika kutu mkwaruzo ukifika chini ya rangi.

Ufungaji wake ndio unaozipa sifa. Reli inakazwa ukutani kwa kudumu juu ya dirisha, na mstari wa bolti unakaa chini yake. Siku ya dhoruba unaingiza paneli kwenye reli ya juu, unaivisha kwenye bolti za chini, unakaza nati zenye masikio kwa vidole, kisha inayofuata inalalia wimbi la mwisho la iliyotangulia. Hakuna kupima wala kutoboa. Kwa kuwa kila paneli ni nyembamba kwa upana, mtu mmoja anaweza kuimudu, hasa ya alumini. Glavu ni lazima, kingo zinakata.

Paneli zinapinda zikisukumwa, hivyo reli huwekwa mbali kidogo na kioo. Zikikutana na kioo kilicho karibu mno, zinakivunja zenyewe. Hili ni la kumkumbusha fundi kabla hajatoboa, si baada.

Mwanga haupiti, na nyingi hazifunguki kwa ndani. Zipo za plastiki ngumu ya polikaboneti inayopitisha mwanga; wengi huchanganya, wakiweka moja ya hizo kila chumba na nyingine za chuma. Huo ni mchanganyiko wa busara kuliko kukaa kizani nyumba nzima umeme ukiwa umekatika.

Zikivuliwa zinapangana zikalaliana na hazichukui nafasi, ila nati zikipotea mchezo umeharibika. Ziweke kwenye kopo moja pamoja na paneli. Bei yake ni ya katikati: juu ya plaiwudi, chini ya shata (vifuniko vya dirisha vinavyobaki ukutani) na vioo vya tabaka. Zinamfaa anayeishi palipo na msimu wa dhoruba kila mwaka, ambaye plaiwudi imemchosha lakini mfuko haujafika kwenye shata.

## Kitambaa maalumu cha dhoruba

Wengi wanapita hapa haraka kwa sababu neno "kitambaa" haliwapi imani. Si turubai la kufunikia mizigo. Ni mfumo wa nyuzi imara za plastiki zilizofumwa, aghalabu zikapakwa utando, wenye matundu ya chuma kingoni kwa ajili ya bolti au mikanda ya kukazia.

Kinahimili pigo kwa kunyumbuka: kitu kikigonga, kitambaa kinaingia ndani, kinakula nguvu ile, kinakirudisha. Kwa hiyo kinahitaji nafasi kubwa zaidi kati yake na kioo kuliko njia nyingine yoyote, na palipo na nafasi ndogo hakifai hata kikiwa na cheti. Kinachouzwa bila maelezo ya umbali unaotakiwa kutoka kwenye kioo, kiachwe dukani.

Bolti zake zinavutwa kwa nguvu, maana kitambaa chote kinaning'inia juu yake. Ukuta dhaifu hauponi eti kwa sababu kizuizi ni chepesi.

Upande wa mikono hakina mpinzani miongoni mwa njia za kuvisha na kuvua. Kinakunjwa, kinabebwa begani, mtu mmoja anakipandisha hata kwenye kibaraza cha ghorofani au mlango mpana wa vioo, mahali ambapo plaiwudi ingehitaji kuungwa vipande vitatu. Kinapitisha mwanga kiasi. Baadhi ya mifumo inaweza kufunguliwa kwa ndani, na hilo liulizwe mapema.

Adui yake ni jua. Kisiachwe kikining'inia mwaka mzima; kihifadhiwe gizani kikiwa kikavu. Kinamfaa mwenye nafasi kubwa za wazi, anayeishi peke yake au asiye na nguvu za kubeba mbao, na mwenye stoo ndogo.

## Shata za kudumu

Kuna zinazokunjwa pembeni ya dirisha kisha zikavutwa kukutana katikati, na kuna zinazoviringishwa ndani ya boksi juu ya dirisha. Zipo pia zenye bawaba zinazofungwa kama milango miwili. Tahadhari hapa: shata nyingi za mbao zenye bawaba ni pambo. Kama hakuna cheti, zichukulie kuwa pambo.

Zilizopita jaribio ni imara, na ufungaji wake umefanywa na fundi siku ambayo hakuna aliyekuwa na haraka. Hilo peke yake linaondoa makosa mengi ya plaiwudi. Siku ya dhoruba ni kuvuta, kubana, kufunga komeo. Nyumba nzima inazibwa kwa dakika chache bila kupanda ngazi, na nyingi za kukunja hufungwa na kufunguliwa kutoka ndani. Kwa usalama wa moto sioni njia nyingine ya kuziba inayozifikia.

Zinazoviringishwa kwa mota zina swali moja tu kubwa: umeme ukikatika, zinafunguliwaje? Lazima pawe na mkono wa kuzungusha, na kila mkaaji wa nyumba ajue ulipo. Mota bila mkono ni kufuli ambalo ufunguo wake uko kwenye nguzo ya umeme.

Kinachozishinda ni uzembe wa mwenye nyumba. Chumvi ya bahari na vumbi huziba reli, vigurudumu vikagoma, na ugunduzi huo hufanyika jioni ya tahadhari. Zioshwe kwa maji safi, reli zipakwe kilainishi kikavu au cha silikoni, zifungwe na kufunguliwa zote kabla ya msimu. Gharama ni kubwa, ila inaenea miaka mingi. Zinawafaa wazee, wanaosafiri mara kwa mara, wenye madirisha ya ghorofani, na mtu yeyote ambaye hawezi kuhakikisha kuwa atakuwa nyumbani saa 48 kabla.

## Kioo cha tabaka

Ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando mgumu wa plastiki katikati. Kikipigwa kinaweza kupasuka kila mahali na bado kikabaki ndani ya fremu, hewa isiingie. Hiyo ndiyo kazi yake: kubaki pale, hata kama sura imeharibika.

Kisichanganywe na kioo kilichoimarishwa kwa joto (tempered). Hicho ni kigumu kuliko kioo cha kawaida, lakini kikishindwa kinamwagika chote kuwa chembe, na dirisha linabaki tundu. Wala kisichanganywe na karatasi ya plastiki inayobandikwa juu ya kioo kilichopo. Karatasi hiyo inapunguza vipande kutawanyika. Haiimarishi fremu, na kioo kizima kilichobandikwa kinaweza kung'oka na kuingia sebuleni kama sahani.

Ufungaji ni suala la dirisha zima. Kioo cha tabaka ndani ya fremu ya zamani iliyoshikwa kwa skrubu nne ni fedha iliyopotea. Fremu, mihimili yake na bolti zake vinunuliwe na kupimwa kama kitu kimoja.

Muda na mikono: sifuri. Mwanga: wote. Njia ya kutokea: dirisha linafunguka kama kawaida, ingawa ukikusudia kutoka kwa kulivunja, sahau. Mwaka mzima linapunguza kelele na kumchelewesha mwizi. Ubaya wake uko kwenye gharama ya mwanzo, iliyo ya juu kabisa, na kwenye gharama ya baadaye: ubao uliotobolewa unabadilishwa siku hiyo hiyo, kioo cha tabaka kilichopasuka kinaagizwa na kusubiriwa. Pia maji yanaweza kupenya kingoni upepo ukiyasukuma sana, hivyo matambara yawe karibu. Linamfaa anayejenga sasa au ambaye madirisha yake yamechoka na angeyabadilisha hata hivyo.

## Mambo yasiyobadilika kwa njia yoyote

Usizibe upande mmoja tu kwa kuwa "upepo huwa unatoka huko". Kimbunga kinapokupita, upepo hugeuka. Jicho likipita juu yako, utulivu unaweza kudumu kwa dakika chache au zaidi, kisha upepo unarudi kutoka upande wa pili. Utulivu huo si nafasi ya kutoka kukaza skrubu iliyolegea.

Mlango wa gereji ni tundu kubwa kuliko dirisha lolote, na mara nyingi ni mwembamba kuliko vizuizi ulivyoweka madirishani. Vifaa vikiwa haba, huo na milango mipana ya vioo vitangulie kabla ya vidirisha vya bafuni. Nondo za dirishani hazikizuii kigae kupita katikati yake, tena zinafunga njia ya kutokea. Vioo vya luva vizibwe vyote, maana havizuii hewa hata siku ya kawaida.

Jenereta isiwashwe ndani wala kwenye gereji, hata milango ikiwa wazi. Nyumba iliyozibwa inakusanya kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu. Kimbunga Laura kilipopita Louisiana Agosti 2020, baadhi ya waliofariki waliuawa na moshi wa jenereta baada ya upepo kutulia.

## Uchague kwa hali yako

Dhoruba imeshatangazwa na huna kitu. Chaguo lako ni plaiwudi, basi. Kituo cha Kitaifa cha Vimbunga cha Marekani hutoa tahadhari ya awali saa 48, na onyo saa 36, kabla ya upepo wa kilomita 63 kwa saa kutarajiwa kufika. Tumia saa hizo kama mwisho wa kazi ya ngazini, popote ulipo. Pima leo, kata leo, anza na nafasi kubwa za kioo. Ukishindwa kumaliza, chagua chumba cha ndani kisicho na dirisha na ukiandae kwa ajili ya watu badala ya kuendelea kupigana na ubao gizani.

Msimu uko miezi kadhaa mbele na fedha ni kidogo. Plaiwudi tena, lakini ya aina nyingine kabisa: imekatwa, imepakwa rangi, imetobolewa, imeandikwa, bolti ziko ukutani. Kama unaweza kuongeza kidogo, weka paneli kwenye madirisha mawili au matatu yaliyo magumu kufikika na ubakize mbao kwa mengine. Hakuna sheria inayosema nyumba iwe na kizuizi cha aina moja.

Unaishi ghorofani. Ngazi ndefu na ubao wa kilo 25 havichanganyiki. Kitambaa kwenye vibaraza, shata au kioo cha tabaka kwenye madirisha. Zungumza na uongozi wa jengo kabla ya kutoboa ukuta wa nje, na uondoe kila kitu kibarazani, hata vyungu vya maua.

Umepanga. Klipu zisizotoboa, kama madirisha yamezama ndani ya tofali, ndizo rahisi kukubaliwa na mwenye nyumba, na unaondoka nazo ukihama. Pasipowezekana, mwombe aweke bolti za kudumu. Ni gharama ndogo kwake kuliko paa jipya.

Mko wazee, au kuna mgonjwa nyumbani. Shata za kukunja, zinazofungwa kwa ndani. Kama hazimudiki, panga mapema na kijana mmoja na jirani mmoja, kwa majina, ni nani atakuja siku gani kupandisha paneli za alumini. "Watu watasaidia" si mpango.

Una nyumba unayoitembelea mara chache. Kioo cha tabaka au shata. Vizuizi vya kuvisha kwa mkono vinadhani kuwa mkono upo. Kuacha plaiwudi ukutani mwaka mzima kunaozesha mbao na kuwaonyesha wezi kuwa hapana mtu.

Ukuta wenyewe ni dhaifu. Tofali zinazomomonyoka, mbao zilizoliwa na mchwa, fremu zinazocheza. Hapa fedha ya kwanza iende kwenye ukuta na kwenye viungo vya paa. Kizuizi hakiwezi kuwa na nguvu kuliko kinachokishika.

Umeamriwa kuhama. Hama. Mbao, paneli na vioo vyote vilivyotajwa hapa vinakabili upepo na vitu vinavyorushwa; maji ya bahari yanayopandishwa na dhoruba hayana habari navyo. Kama kuziba hakujakamilika, funga milango yote ya ndani, kwa kuwa husaidia kuzuia shinikizo lisisambae hadi chini ya paa lote, kata umeme kwenye swichi kuu kama maji yanatarajiwa, na uondoke barabara zikiwa bado zinapitika.